Alichoambiwa Golikipa

Mimi ni mtu wa kupima. Siku za mazoezi hufika uwanjani kabla ya kila mtu, nikiwa na utepe wa kupimia niliouchukua kwenye kikapu cha mama cha kushonea, nikapanga koni zangu kwa nafasi zilizo sawasawa. Upepo ukiangusha moja, narudia mstari mzima. Wachezaji hunicheka. Kocha mkuu naye hunicheka, ananiita Profesa, na jina hilo linanichoma kuliko anavyojua, kwa sababu sina cheti chochote cha maana. Ukocha nimejifunza kwenye simu, ndani ya basi, nikitazama video za watu wakichora mishale ubaoni, na kwenye vitabu vya maktaba ya Lewisham nilivyoviazima tena na tena mpaka nikaona haya kuvipeleka mezani. Nina miaka ishirini na mitatu. Kila nikifungua mdomo kumwelekeza kijana wa miaka kumi na saba, kuna sauti ndani yangu inayoniuliza: wewe ulisomea wapi?

Naanza na hayo kwa sababu nitasimulia jinsi nilivyokaa kimya, na sitaki msomaji adhani nilikuwa na busara fulani ya kusubiri wakati ufaao. Niliogopa tu.

Chuo chetu kiko kusini-mashariki mwa London. Ni chuo cha vijana waliomaliza sekondari na hawajafika chuo kikuu. Asubuhi wanasoma, mchana wanacheza mpira, na kila mmoja anaamini kuna mtu wa klabu kubwa amejificha mahali fulani anamtazama. Nafasi yangu ya usaidizi niliipata kwa sababu kocha mkuu alinikuta nimesimama nje ya uzio wiki baada ya wiki, akaja kuniuliza naona nini. Nikamwambia beki wake wa kulia anachelewa kurudi. Akageuka, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Ingia ndani." Sijaambiwa maneno hayo na watu wengi katika mji huu. Kwa hiyo nilimpenda, na bado nampenda, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi.

Yeye ni mzaliwa wa Deptford, wazazi wake walitoka Jamaika. Sauti yake imekwaruzika kwa miaka mingi ya kupiga kelele pembeni mwa uwanja. Kiswahili hajui hata neno moja, ingawa wachezaji wake kadhaa wamelelewa nacho. Mmoja wao ni straika wetu, kijana wa Woolwich ambaye mama yake alitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mama huyo humsemesha Kiswahili kutwa, naye humjibu Kiingereza kutwa, kama watu wawili wanaorushiana mipira ya aina mbili.

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya chuo kimoja cha ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini. Kila mwaka ni wao na sisi. Wiki nzima kabla ya mechi vijana hutukanana kwenye simu, na makocha wanajifanya hawaoni. Siku hiyo, Jumamosi moja ya baridi kali, tulikwenda mapumziko tukiwa sare bao moja kwa moja, na ni kwa sababu ya golikipa wao tu kwamba hatukuwa mbele. Kijana mrefu, mtulivu, mwenye mikono mipana. Nilikuwa nimemchunguza wiki mbili kwenye video nikitafuta kasoro yake, na nilikuwa nimekosa usingizi kwa sababu sikuipata.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha mkuu alimwelekezea straika wetu kidole.

"Yule kipa ni wa kwenu, sivyo? Nimemsikia akiongea na mama yake pale pembeni."

"Mkongo, ndiyo," straika akasema. "Wa Tottenham."

"Basi mna lugha moja. Kamsemeshe. Tafuta panapomuuma, halafu ubonyeze."

Vijana wakacheka. Mimi nilikuwa nagawa chupa za maji, na nikacheka pia, kidogo, kama mtu anavyocheka ili asibaki peke yake.

Kipindi cha pili nilisimama nyuma ya goli lao na simu yangu, kurekodi jinsi mabeki wao wanavyojipanga. Tukapata kona. Straika akaenda kusimama ubavuni mwa kipa, karibu kabisa na sikio lake. Na yule kijana asiyemjibu mama yake Kiswahili hata akiombwa chumvi, alifungua mdomo na Kiswahili kikamtoka safi, kile cha Kongo ambacho ugali huitwa bugali.

"Mama yako anapangusa wazee matako," akamwambia, "na kwa mikono ile ile anakupikia bugali. Ndiyo maana mpira unakuteleza."

Kona ikapigwa, mpira ukapita juu ya kila mtu ukaangukia upande wa pili. Kipa hakuutazama. Aligeuka akampiga straika wetu ngumi ya mdomo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Filimbi, kusukumana, kadi nyekundu, penalti. Refa alimuuliza kipa kwa nini. Kocha wake akamshika mabega, akamuuliza na yeye, "Amekuambia nini? Sema, amekuambia nini?" Kijana akatikisa kichwa. Pale kwenye kamba, karibu kiasi cha kusikia kila neno ambalo angejibu, mama yake alikuwa amesimama na koti lililofunguka juu ya sare yake ya kazi, ile blauzi ya buluu ya watunza wazee. Kipa alimtazama mara moja, akavua glavu, akaondoka uwanjani.

Tulifunga penalti ile. Tukashinda. Jioni nilisikiliza video yangu mara nyingi, nikiwa na matumaini ya kijinga kwamba sauti ingekuwepo na kazi ya kusema ingefanywa na simu. Hakukuwa na kitu ila upepo.

Katikati ya wiki ligi ilituma barua pepe kwa vyuo vyote viwili: kungekuwa na kikao cha nidhamu wiki iliyofuata, na mpaka siku hiyo wahusika na familia zao wasiwasiliane kwa njia yoyote. Kocha mkuu alinipigia simu kunieleza mengine. Straika wetu alikuwa ameshaandika maelezo kwamba hakumwambia kipa neno lolote. Chuo cha yule kipa kilikuwa kimeshatamka kwamba, ikithibitika alimpiga mtu bila sababu, atatolewa kwenye kozi ya mpira.

"Inasikitisha," akasema. "Ana kipaji."

Nilisema ndiyo, inasikitisha. Nilikuwa na sababu yote mdomoni, nayo ilikuwa fupi, na sikuitoa.

Jumapili mchana simu ikalia. Alikuwa mama yake straika, ambaye hunisemesha kwa heshima nisiyoistahili.

"Mwalimu, niko nakuomba ufike ku nyumba leo. Watu ya Tottenham wanakuja kuomba msamaha."

"Mama, hairuhusiwi. Barua ya ligi inasema msikutane mpaka kikao kipite."

"Nani haruhusu watu kuomba msamaha?"

"Ni utaratibu wao, mama."

"Mtoto amepiga mtoto. Wazazi wanakuja na mzee wao. Niwaambie nini mlangoni, kwamba nimepata barua? Wewe ni mtu wa chuo na unasikia Kiswahili. Njoo uketi, uwe shahidi."

Ningeweza kumpigia mtu wa ligi. Ningeweza kukataa kwenda. Nilivaa viatu, nikavifunga kamba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza vitanzi havikulingana, nikapanda basi la Woolwich.

Waliingia watatu: yule kipa, mama yake bado na mavazi ya kanisani, na mzee mmoja wa kanisa lao mwenye suti ya kahawia, aliyebeba mfuko wa mchele na soda. Mzee aliketi, akapata pumzi, akaanza.

"Mama, tumetoka Tottenham. Tumepanda treni, tukapanda ingine, ya tatu ikasema imefika mwisho na sisi hatujafika. Mtu hasafiri hivyo kama hana neno."

"Karibuni sana. Kwanza chai."

"Chai tutakunywa tukishasikilizana."

Ndivyo wanavyofanya. Mgeni aliyekuja na ombi hagusi kitu mpaka ajibiwe. Kwa hiyo chai ilimiminwa ikaachwa mezani, na sambusa zikabaki zimefunikwa, na straika wetu, mdomo wake bado umevimba upande mmoja, akaketi kwenye kona ya kochi akiwa ameshika simu iliyozimwa. Kipa alikuwa amekaa mkabala naye. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha mama yake kipa akainuka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya zulia.

"Mimi ndiye nimemzaa," alisema. "Mkono wake ni mkono wangu. Kama amempiga mtoto wako, ni mimi nimempiga. Sijui ni shetani gani alimwingia, nimemuuliza na hasemi. Nakuomba utusamehe, na mtoto wako atusamehe."

Mama wa nyumba machozi yalimlengalenga. "Inuka, mama. Watoto ni watoto." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe simama. Mpe mwenzako mkono, useme umemsamehe."

Straika akasema kitu kwa Kiingereza, chini chini.

"Sema Kiswahili, wageni wasikie."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mdomo unapona, kiburi ndicho hakiponi?"

"Mama, siwezi."

"Watu wametoka Tottenham na treni tatu, na wewe uko hapa unaniambia huwezi?"

Kipa akagusa bega la mama yake. "Twende, mama. Inatosha."

Nilimtazama straika. Nimezoea kutafuta makosa ya mwili: mguu uliowekwa vibaya, kichwa kilichogeuka mapema. Mabega yake yalikuwa yamejikunja kama ya mtu anayesubiri kupigwa mara ya pili, na nikaelewa kwamba hakuwa akikataa kusamehe. Alikuwa hana cha kusamehe na alijua.

"Samahani, mama," nikasema. "Kabla hajasema amesamehe. Mimi nilikuwa nyuma ya goli siku ile. Nilisikia."

Wote wakanigeukia. Nikamwambia straika, "Sema wewe. Ukishindwa nitasema mimi, lakini ni afadhali useme wewe."

Alisema huku akilitazama zulia. Alisema neno kwa neno, na kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza yangekuwa maneno mengine. Mzee alifumba macho. Mama wa nyumba alikuwa amesimama na birika mkononi, na hapo ndipo nilipoona vizuri alichovaa, kwa maana jioni ile alikuwa na zamu: blauzi ile ile ya buluu, na kitambulisho cha kazi kikining'inia.

Hakupaza sauti. "Na mimi nafanya kazi gani?" akamuuliza.

Kijana aliigeuzageuza simu iliyozimwa mkononi.

"Nimekuuliza. Asubuhi nikitoka hapa naenda wapi?"

"Kwa wazee."

"Kufanya nini?"

Akaufunika mdomo uliovimba kwa kiganja.

"Jana ulikula bugali?"

"Ndiyo."

"Mikono ya nani ilipika?"

Straika akaanza kulia, bila sauti, akijifuta kwa kiwiko. Na mama yake kipa, aliyekuwa bado amepiga magoti, akatoa kicheko kidogo ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Mwache, mama," akasema. "Ni kweli nawapangusa. Kuna babu mmoja, ukimpangusa anakuimbia. Nyimbo za vita, za zamani. Mimi nikizeeka nitaomba Mungu anipe mtu anayejua hiyo kazi kama mimi." Kisha akamgeukia mwanawe, na kicheko kikaisha. "Lakini wewe hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Na refa akikuuliza?"

"Ulikuwa umesimama pale, mama. Ulikuwa umesimama pale na sare."

Alimshika mwanawe uso akauweka kifuani kwake, kijana mrefu vile, amejikunja kama kiti cha kukunja. Na mama yake straika akaweka birika chini, akapiga magoti na yeye, wakawa wawili juu ya zulia wakitazamana.

Mzee akafumbua macho. "Sasa nani anaomba msamaha kwa nani?" akauliza. "Mimi nilitayarisha maneno ya upande mmoja."

Basi chai ikanywewa, ilipokuwa imeshapoa. Vijana walipeana mikono mwisho, vibaya, kama watu wanaogusana kwa bahati mbaya kwenye treni. Ilitosha kwa siku hiyo. Nilirudi Lewisham nikiwa na furaha, na kabla basi halijafika kituo cha pili furaha ilikuwa imegeuka. Tulikuwa tumevunja agizo la ligi mbele ya watu sita, na mmoja wao alikuwa mimi.

Jumatatu nilimkuta kocha mkuu kwenye stoo ya mipira. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akiendelea kubonyeza mipira kujua ipi haina upepo.

"Mpira una maneno, Profesa," akasema. "Wanaotaka kimya waende maktaba."

"Yule kijana atafukuzwa."

"Yule kijana alirusha ngumi."

"Ndiyo. Na sisi tulimtafutia sababu."

"Sisi?"

"Wewe ulisema atafute panapomuuma. Mimi nilicheka."

Akaacha kubonyeza mipira. "Nilisema hivyo?"

Sidhani alikuwa akijifanya. Nadhani kweli alikuwa hakumbuki, kwa sababu ni maneno aliyoyasema mara nyingi mno yakawa kama kusema twendeni, vijana. Hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angekana.

"Utayasema hayo kwenye kikao?" akauliza.

"Ndiyo."

"Unajua nitaonekanaje."

"Najua."

Alibeba gunia la mipira akatoka. Wiki ile nzima hakuniita Profesa, hakuniita kwa jina lolote. Alinipa kazi kwa kuelekeza kidole. Niliacha utepe nyumbani, nikapanga koni kwa macho, kwa sababu nilijua ni mazoezi yangu ya mwisho na hakukuwa na haja ya kuyapima.

Kikao kilifanyika alasiri kwenye chumba cha mikutano chenye mazulia ya kijivu. Meza moja ndefu, watu watatu wa ligi nyuma yake, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na adabu nyingi. Straika alisema ukweli wake wote. Alisema vizuri, na nikaanza kupumua. Ndipo mwenyekiti akauliza aliamua lini kubadilisha maelezo yake.

"Jumapili."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Kijana akataja wote. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Ngoja nielewe," akasema. "Familia ya mtuhumiwa ilikwenda nyumbani kwa aliyepigwa, baada ya kukatazwa. Walibeba zawadi. Walipiga magoti. Na baada ya hapo aliyepigwa akabadilisha maelezo yake."

Kwa Kiingereza, katika chumba kile, jambo zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule lilisikika kama njama. Kipa aliinamisha kichwa. Mama yake alinitazama mimi, akisubiri nimweleze kosa ni lipi, kwa maana aliona nyuso zimebadilika.

Nikainua mkono. Nikaeleza kwamba kwetu mtu akikosewa, waliomkosea huenda kwake na mzee wao, na kwamba wasingeenda ndio wangekuwa wameongeza kosa. Mwenyekiti alisikiliza kwa heshima.

"Wewe ulijua agizo letu?"

"Nilijua."

"Na maneno yenyewe uliyasikia lini?"

"Siku ya mechi."

"Uliyaripoti lini?"

"Sikuyaripoti."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni mbele ya kioo, sentensi ndefu nzuri yenye mambo ya uzoefu mdogo na mazingira magumu. Ikapotea yote.

"Niliogopa kupoteza nafasi yangu," nikasema. "Na tulikuwa tumeshinda."

Mwenyekiti akaandika kitu. Niliona jinsi inavyokwenda: mchezaji aliyebembelezwa, msaidizi aliyenyamaza na kuvunja agizo, na ngumi ambayo kila mtu aliiona. Nilimtazama kipa, nikafikiri, tumemharibia mara mbili.

Ndipo kocha mkuu, aliyekuwa amekunja mikono tangu mwanzo, akakohoa.

"Mimi sikuwa Woolwich," akasema. "Hakuna aliyeniletea mchele. Kwa hiyo andikeni haya kwa jina langu. Wakati wa mapumziko, mbele ya timu nzima, nilimwambia kijana wangu atafute panapomuuma kipa, apabonyeze, tena kwa lugha ambayo refa haijui. Waulizeni wachezaji wote, mmoja mmoja. Nilimtuma. Sikujua atasema nini, na baadaye sikuuliza, kwa sababu ilifanya kazi."

"Unaelewa unachosema?" mwenyekiti akamuuliza.

"Naelewa vizuri. Niliambiwa hivyo nilipokuwa na umri wao, na nimewaambia vijana hivyo tangu nianze kazi. Huyu hapa," akanielekezea kidole gumba bila kunitazama, "ndiye wa kwanza kunirudishia maneno yangu nikayasikia."

Tulitolewa nje kusubiri. Nilihesabu vigae vya dari nikapoteza hesabu nikaanza upya. Walipotuita, mwenyekiti alisoma polepole. Kipa alifungiwa mechi chache, kwa sababu ngumi ni ngumi, lakini waliandika kwamba alichokozwa kwa makusudi na kwa maagizo, na kocha wake, aliyekuwepo pale, akasema kwamba kwa maneno hayo chuo chao kitamwacha kwenye kozi. Straika naye alifungiwa. Kocha mkuu alikatazwa kusimama pembeni mwa uwanja mpaka Krismasi. Mimi nilipewa onyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya zaidi kiasi kwamba onyo lilinikuta sina uso wa kulipokelea, nikasema asante, na mmoja wa wale watu watatu akatabasamu.

Nje kulikuwa na manyunyu. Tulisimama wote chini ya paa la kituo cha basi kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama. Kina mama wawili walikuwa wameshaanza kuulizana zamu zao na kulalamikia wasimamizi wao. Vijana walisimama kando, mikono mifukoni.

"Ile penalti sikuwepo golini," kipa akasema.

"Ungekuwepo ingeingia vilevile."

"Hata si wewe uliyepiga. Ulikuwa umelala chini unalia."

"Nilikuwa natokwa na damu."

"Unalia na damu."

Kocha mkuu alinisogelea. "Wanasema nini?"

"Wanataniana."

"Kuhusu nini?"

"Mpira."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema huku akitazama barabara, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Jumamosi nitakuwa nyuma ya kamba na wazazi. Utasimama wewe." Nilitaka kumwambia siko tayari, sijawahi, atafute mtu mwenye cheti. Nikamwambia sawa.

"Na jambo jingine," akasema. "Yule mama. Kwa lugha yenu, mtu akitaka kuomba msamaha anasemaje? Si ule wa kumkanyaga mtu kwenye basi. Mkubwa."

Nikamwambia. Akarudia mara kadhaa chini ya pumzi yake, midomo ikihangaika. Kisha akavuka katikati yetu, akavua kofia, akasimama mbele ya mama yake kipa, akasema, "Nisamehe."

Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. Akampa mkono. Na kwa Kiingereza chake cha kazini, kile kinachotamkwa polepole na kwa sauti ili wazee wasikie, akamwambia amemsikia, na kwamba mtoto wake atarudi golini baada ya Krismasi, kwenye mechi ya marudiano, na kwamba siku hiyo tafadhali alete straika mwingine, kwa sababu huyu tuliye naye hapigi mashuti, anaongea tu.